"Achieve", "accomplish", "attain": kitenzi kipi kwa jambo lipi?

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa Wete, Pemba. Nimesomea utalii ngazi ya diploma na sasa naomba kazi ya kusimamia mkahawa katika hoteli moja ya Nungwi. Katika barua yangu ya Kiingereza niliandika 'I achieved Form Six', halafu 'I accomplished my diploma', na mwisho 'I succeeded to train new waiters'. Rafiki yangu anayetembeza wageni Mji Mkongwe aliisoma akaniambia sentensi zote tatu zina kasoro, ila kunieleza sababu hakuweza. Nikifungua kamusi, 'achieve', 'accomplish', 'attain', 'fulfil' na 'complete' vyote vinanipa kutimiza, kukamilisha, kufanikisha. Tofauti yake hasa ni nini?"

Marahaba, mwanangu. Rafiki yako kasema kweli, na kamusi yako nayo haikukudanganya. Imekupa nusu ya jibu. Kamusi hutafsiri kitenzi kikiwa peke yake, na vitenzi hivi vikiwa peke yake hukaribiana kweli. Kinachovitenganisha ni jina linalokuja baada yake. Kwa mazoea ya karne nyingi, Waingereza wameshazoea kulipatia lengo kitenzi chake, kazi chake, kiwango chake na ahadi chake. Kwa hiyo kabla hujachagua, jiulize kwanza: hili nililolifanya ni jambo la namna gani? Ni kazi niliyopewa? Ni matokeo niliyokuwa nikiyataka? Ni daraja niliyoipanda? Ni kitu chenye sehemu nyingi zilizotakiwa zipatikane zote? Ukishajijibu, sehemu kubwa ya uchaguzi imekwisha.

Tuanze na vile viwili vinavyowasumbua wengi, "achieve" na "accomplish". "Achieve" kilitoka Kifaransa cha zamani, na ndani yake mna neno la kichwa, lile lile lililozaa "chief". Maana yake ya asili ilikuwa kulifikisha jambo ukomoni. Mpaka leo kitenzi hiki hutazama matokeo. Waingereza husema "achieve a goal", "achieve good results", "achieve success", "achieve peace", "achieve a balance". Yaangalie majina hayo. Hakuna hata moja lililo kazi ya kushika kwa mikono. Yote ni hali au matokeo ambayo mwanzo hayakuwepo, watu wakahangaika, sasa yapo. "Accomplish" kwa upande wake kina ndani yake neno la Kilatini la kujaza, na macho yake yako kwenye kazi yenyewe: ilikuwepo, ilijulikana, imefanywa yote. Ndiyo maana kinafuatana na "task", "mission" na "work", na ndiyo maana mtu akitazama nyuma jioni baada ya siku ya kuhangaika husema "We accomplished a lot today".

Chukua msimu wa karafuu huko kwenu. Kuna kuangusha, kuna kuchambua makonyo (vile vikonyo vya karafuu), kuna kuanika majamvini na kukimbizana na mvua. Yote hayo ni kazi, na familia iliyoyafanya mpaka mwisho unaweza kusema "they accomplished the task". Lakini bei nzuri waliyoipata walipopeleka karafuu zao kuuza si kazi, ni matokeo ya kazi. Hapo Mwingereza husema "they achieved a good price". Geuza vitenzi hivyo, useme "they accomplished a good price", na msomaji wako atasita, kwa sababu bei haifanywi sehemu moja moja mpaka ikaisha. Jambo moja la kuongeza: katika mazungumzo ya kawaida hakuna anayesema "accomplish the task" juu ya karafuu. Atasema "they finished the work" na kila mtu ataelewa. "Accomplish" kina uzito kidogo. Hukaa vizuri katika maandishi na pale unapotaka kuonyesha kuwa kazi ilikuwa ya maana.

Yuko mwanafalsafa aliyelishughulikia suala linalokaribiana na lako kwa undani sana, Zeno Vendler. Mwaka 1957 alichapisha makala juu ya vitenzi na wakati, akavigawa vitenzi vya Kiingereza katika makundi manne, na makundi mawili kati ya hayo aliyapa majina ya "accomplishments" na "achievements". Katika kundi la kwanza aliweka mambo yanayochukua muda na yenye mwisho unaojulikana, kama kujenga nyumba au kuchora picha. Katika la pili aliweka mambo yanayotokea mara moja, kwa nukta moja ya wakati, kama kufika kileleni au kushinda mbio. Kipimo cha kuyatenganisha ni chepesi na unaweza kukijaribu sasa hivi. Mtu anayejenga nyumba anaweza kuiachia njiani, na kauli "aliacha kujenga" ina maana. Sasa jaribu kusema mtu aliacha kufika kileleni akiwa katikati ya kufika. Haisemeki, kwa kuwa kufika hakuna katikati: ama umefika, ama bado.

Nakutahadharisha hapa, maana wengine wakishamsoma Vendler huanza kuwasahihisha watu barabarani. Majina aliyoyachagua ni istilahi za wanaisimu na wanafalsafa, wala si sheria ya mazungumzo. Mtu anaweza kusema "it took us years to achieve this" na hajakosea hata kidogo. Ila ladha ile ipo: "achieve" huiashiria ile nukta ya kupata, "accomplish" huibeba kazi nzima iliyotangulia. Mimi naona hiyo ndiyo njia bora ya kuvishika vitenzi hivi viwili, kuliko kuambiwa kwamba kimoja ni kikubwa na kingine kidogo, maneno ambayo yamewapoteza wanafunzi wengi.

Ukitaka kuzisikia ladha zote mbili kwa mtu mmoja, mtazame Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili. Tukio hilo utaliita "a great achievement", jambo lililopatikana na likabaki katika historia. Yeye mwenyewe utamwita "an accomplished singer", yaani mwimbaji aliyebobea, aliyeikamilisha sanaa yake. Hutasema "an achieved singer", haipo. Sifa hii ya "accomplished" hupewa mtu aliyekomaa katika ufundi wake: mpiga kanuni (ile ala ya taarabu), mchonga milango, mpishi. Katika kazi unayoiomba unaweza kuitumia kwa mpishi wa hoteli, ila usijipe mwenyewe barua nzima; sifa ya namna hiyo hupendeza zaidi ikitoka kwa anayekudhamini.

Na tuzo, je? Hapa wanafunzi wengi huandika "achieved a prize", wakidhani wamempandisha hadhi aliyeipata. Kiingereza hutumia "win". Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1948, "won the Nobel Prize in Literature in 2021". Kitenzi kifupi, cha watoto wa mpira, na ndicho sahihi. Uzito uko kwenye tuzo yenyewe, hauhitaji kuongezewa na kitenzi.

"Attain" kinahusu kufika kiwango au daraja ambayo ipo juu yako na ilikuwapo kabla hujaanza kuipanda. Asili yake ni kugusa. Husemwa "attain the rank of captain", "attain a high standard", na katika maandishi ya kisheria "attain the age of eighteen", ingawa nyumbani mtu atasema tu "she turned eighteen". Vitabu vya historia vitakuandikia "Zanzibar attained independence on 10 December 1963", na vingine vitaandika "achieved" au "gained". Vyote vitatu vinakubalika, na anayechagua "achieved" mara nyingi anataka msomaji aione jitihada ya watu, hali anayechagua "attained" anaeleza hadhi iliyofikiwa. Ni kitenzi rasmi sana. Katika barua ya kuomba kazi ya mkahawa kitakupa sauti ya gazeti la serikali, kwa hiyo ningekishauri kikae pembeni.

Ndugu yake wa kawaida ni "reach", na hiki kina mtego wake kwetu. Sisi tunasema kufika Mkoani (ile bandari ya Pemba), kufikia makubaliano, kufikia umri. Mwingereza kwa yote hayo atasema "reach Mkoani", "reach an agreement", "reach the age of". Baada ya "reach" hapawekwi "at" wala "to". "We reached at Mkoani" nalisikia kila siku, na si sahihi. Ukitaka "at", basi tumia "arrive": "we arrived at the port".

Sasa tufike kwenye sentensi zako mbili za mwanzo. Kidato cha sita na diploma si malengo kwa jicho la Kiingereza, na wala si kazi uliyotumwa. Ni masomo yenye mwanzo, sehemu zake na mwisho wake, na mambo ya namna hiyo hupewa "complete" au "finish". "Complete" kinasisitiza kwamba hakikubaki kitu: masomo yote, mitihani yote, mafunzo ya vitendo yote. "Finish" kinasema tu kwamba mwisho umefika. Mtoto wa chuoni aliyekhitimu msahafu, juzuu zote 30, "has completed the Qur'an". Hapo "complete" ndicho kinachoibeba heshima ya jambo lenyewe, kwa sababu furaha ya wazee wake ni kwamba hakikurukwa chochote. Lakini akila wali wake ukaisha, "he finished his rice". Hakuna anayesema "he completed his rice".

Tofauti nyingine kati ya hivi viwili ni ya kisarufi. "Finish" hufuatwa na kitenzi chenye "-ing": "we finished picking the cloves". "Complete" hakikubali hivyo, kinataka jina: "we completed the harvest". Na ukiambiwa "complete this form" pale mapokezi, unatakiwa uijaze fomu nafasi zote. Ukiambiwa "finish this form", aliyekwambia ameona umeianza zamani na anakuhimiza.

Kwa cheti chenyewe, kile kilichokuja baada ya masomo, tumia "obtain" au "gain": "I obtained a diploma in tourism". Na mtihani hupewa "pass". Sisi tunasema kufaulu mtihani, na kufaulu katika kamusi ni "succeed", ndipo watu wanapoandika "I succeeded the exam". Sentensi hiyo, ukiisoma kwa jicho la Kiingereza, inasema kwamba mtihani ulikuwa na cheo na wewe umeurithi.

Neno la kurithi sikulitia bure, kwa sababu ndilo linaloharibu sentensi yako ya tatu. "Succeed" kimetoka kwenye Kilatini cha kufuatia, kuja baada ya mwingine, na maana hiyo bado ihai. Seyyid Khalifa bin Haroub, Sultani wa Zanzibar, alitawala kuanzia 1911 mpaka alipofariki 1960, akafuatiwa na mwanawe Abdullah. Abdullah alipofariki 1963 akafuatiwa na mwanawe Jamshid. Hapo ndipo Kiingereza husema "Jamshid succeeded to the throne in 1963". Umeiona ile "to"? Hufuatwa na jina la cheo au kiti. Kwa maana ya kufanikiwa, "succeed" hutaka "in" na kitenzi chenye "-ing": "I succeeded in training new waiters". Kwa hiyo kosa lako lilikuwa la kiungo, maana uliyoikusudia ilikuwa sawa. Linatoka moja kwa moja kwenye Kiswahili chetu, kwa sababu tunasema "nilifanikiwa kufundisha", na ile ku- ya kufundisha inatuvuta tuandike "to train".

Ukiipenda sana "to", kipo kitenzi kinachoikubali: "manage". "I managed to train five new waiters." Kitenzi hiki kilitoka Kitaliano, kwenye kumshika na kumwongoza farasi, na mkono umo ndani yake. Lakini kitumie kwa uangalifu, kwani "manage to" hudokeza kwamba palikuwa na taabu. "The sea was rough, but we managed to reach Mkoani before dark" ni sentensi nzuri, kwa kuwa bahari ilichafuka kweli. Ukimwandikia mwenye hoteli "I managed to arrive at work on time every day", atajiuliza kwa nini kuwahi kazini kulikuwa kugumu hivyo kwako.

Na kwa kuwa unaomba kazi ya usimamizi, tofauti hii itakugusa kuliko zote. "Manage" kikifuatwa na jina, maana yake ni kusimamia: "I managed a restaurant" ni kwamba mkahawa ulikuwa chini yako. Kikifuatwa na "to" na kitenzi, maana yake ni kufanikiwa kwa taabu: "I managed to open a restaurant". Neno dogo "to" linakutoa kwenye cheo linakupeleka kwenye mahangaiko. Isome barua yako yote, na kila palipo na "manage" hakikisha unajua umesema kipi kati ya hivyo.

Hukuuliza kuhusu "could", lakini nakuongezea kwa sababu wanaouliza juu ya "succeed" na "manage" huanguka hapo hapo. Kiswahili kina "niliweza" moja kwa mambo mawili: uwezo niliokuwa nao, na jambo nililofanikiwa kulifanya siku fulani. Kiingereza huyatenga. Uwezo wa jumla wa zamani ni "could": "when I was ten I could swim well". Jambo lililotendeka mara moja likafanikiwa ni "was able to" au "managed to": "yesterday the boat sank, but I was able to swim ashore". Ukiandika "I could swim ashore", msomaji hajui kama uliogelea kweli au ulikuwa na uwezo tu ukabaki pale pale. Katika ukanushaji tofauti hii hupotea, "I couldn't find the key" inafaa kwa vyote. Na vitenzi vya kuona na kusikia vina ruhusa yao: "we could see the lights of Mkoani" ni sahihi hata kama ni usiku mmoja tu.

"Fulfil" hakitanichukua muda. Ni Kiingereza cha asili, maana yake ni kujaza mpaka tele, na hutumika kwa kitu ambacho kilisemwa au kilitazamiwa kabla: ahadi, masharti, ndoto, wajibu. "She fulfilled her promise." Karibu popote tunaposema kutimiza ahadi au kutimiza masharti, kitafaa. Kwa masharti na muda wa mwisho Waingereza hupenda pia "meet": "meet the requirements", "meet the deadline". Kumbuka tu kwamba sisi tunafuata tahajia ya Uingereza, "fulfil". "Fulfill" ni ya Marekani. Usizichanganye katika barua moja.

Sasa neno kuhusu barua yenyewe, maana sarufi peke yake haitakupa kazi. Anayeajiri husoma barua nyingi zilizojaa "achieved" na "accomplished", na baada ya ya kumi maneno hayo hayamwambii kitu tena. Kinachomwambia ni kitenzi cha kazi yenyewe pamoja na kipimo chake: "trained", "opened", "served", "organised". Kama uliwafundisha wahudumu wapya, sema uliwafundisha wangapi, kwa muda gani, na walijifunza nini. Hiyo "succeeded in" inatakiwa pale tu ambapo kushindwa kulikuwa kunawezekana na wewe ukafanikiwa. Mafunzo ya kawaida hayahitaji kutangaziwa ushindi.

Basi mimi ningeziandika sentensi zako hivi. Ya kwanza: "I completed Form Six in Wete." Weka na mwaka. Ya pili: "I then obtained a diploma in tourism." Ya tatu: "I trained new waiters in table service", na hapo kwenye "new" weka idadi yao halisi. Kama mafunzo yenyewe yalileta matokeo unayoweza kuyathibitisha, mathalani wageni kupunguza malalamiko juu ya kuchelewa kwa chakula, yaongeze baada ya hapo kwa sentensi nyingine, na humo ndimo "achieve" kitakapokaa mahali pake: "Together we achieved faster service." Hakuna haja ya zaidi ya kimoja katika barua nzima.